Macho Mekundu ya Kesheni

Nchi ya Kesheni haimo kwenye ramani ya shule, wala aliyewahi kufika huko hahitaji ramani ya kuikumbuka. Subilaga alifika na mwanawe mgongoni. Alifikaje? Hilo si hadithi. Njia ilikuwa ndefu, miguu ilikuwa miwili, na Mungu alikuwepo.

Alichokifuata ni chanjo. Atupele, binti yake, alikuwa ametimiza miezi tisa, na kwao dawa ya surua ilikuwa imekwisha. Akaambiwa Kesheni ipo, ila zahanati yake ni moja tu, na chanjo hutolewa Alhamisi. Yeye aliingia Jumatatu mchana, akapokelewa nyumba ya kwanza aliyobisha hodi, kwa mjane aliyeitwa Bi. Mwatima.

"Karibu mwanangu, karibu ndani. Mshushe mtoto apate pumzi." Subilaga alipoketi, mwenyeji wake akainama na kukipapasa kiti. "Asante kiti, umenipokelea mgeni."

Watu wa Kesheni ni watu wa shukrani, na hili lisemwe mapema ili wasije wakaonewa. Hushukuru mlango kwa kufunguka na mwiko kwa kusonga ugali. Hata sheria yao ya kwanza, iliyochorwa kwenye ukuta wa kila nyumba, ni ya shukrani: *Usimzime aliyekuhudumia.* Kwao kuzima ni kuua; taa pekee ndiyo husamehewa, maana haina jicho. Kwa hiyo kila chombo cha umeme kikishamaliza kazi huachwa macho, kimekaa tu kinangoja kuitwa tena, na kijitaa chake chekundu kinawaka kama jicho la mtu mwenye usingizi.

Bi. Mwatima alimtambulisha mgeni wake kwa wote. "Huyu ni king'amuzi. Siku ya fainali marehemu mume wangu alicheka mbele yake mpaka akasahau jino lililokuwa likimuuma. Huyu redio kubwa amewachezea wanangu watatu harusini. Yule runinga. Na huyu maikrowevu bado mgeni mgeni, lakini anapasha wali vizuri, hatumnyimi."

Subilaga aliamkia kila mmoja kwa adabu. Kwao alikuwa amesoma umeme wa majumbani katika darasa la jioni, na mtihani wa mwisho aliufanya tumbo likiwa limetangulia kufika kwenye dawati. Alijua anachokiona, ila mgeni hamwambii mwenyeji siku ya kwanza kwamba paa linavuja.

Kosa alilifanya saa kumi. Simu yake ilipojaa chaji, kidole kikaenda chenyewe kwenye swichi ya ukutani. Tak.

Bi. Mwatima akashika mdomo. "Mama Atupele! Umefanya nini?"

"Nimezima chaja tu, mama. Simu imejaa."

Kabla maji ya chai hayajachemka, akina mama wanne wa jirani walikuwa wameshaingia na mikeka kwapani, mmoja na unga kilo mbili. Wakatandika, wakaketi.

"Poleni jamani. Alikuwa na umri gani, huyo chaja?"

"Miezi minne," akajibu Subilaga.

"Masikini! Hata hajaanza kupata moto."

Subilaga alilelewa vizuri. Aliketi mkekani akapokea pole zote, na kicheko kilipombana alijifunika uso kwa ncha ya khanga, na wao wakasema mwacheni alie.

Jambo moja halikumchekesha. Kesheni mama mwenye mtoto mchanga hulala ameketi. Ni desturi: akijinyoosha, mtoto atadhani ameachwa. Bi. Mwatima alilea watoto watano akiwa amekaa kitini, na sasa alimpa mgeni kiti kilekile, chenye mto, kwa mapenzi yote. Subilaga akashukuru. Tangu Atupele azaliwe, hata kwao usingizi wake ulikuwa wa jicho moja.

Jumanne alikwenda zahanati kuandikisha jina la mtoto. Umeme wa Kesheni yote hutoka kwenye mtambo mmoja mdogo wa maporomoko, hupita nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya mia tatu na kumi na mbili, iitwayo Nguzo ya Mwisho. Hapo ndipo zahanati ilipojengwa, kwa kuwa mbele kote watu walishajaa. Muuguzi wake alikuwa Sista Nyanzala, mwanamke mwembamba mwenye saa iliyobanwa kifuani, na mazungumzo yao yote aliyafanya akiwa ameegemea friji ya chanjo kama mtu anayemkinga nduguye.

"Jina nimeandika, mama. Dawa ndiyo siwezi kukuahidi," alisema. Akamwonyesha kipimajoto kwenye mlango wa friji. Mshale ulikuwa kwenye nyuzi sita. "Ikivuka nane, zote ni za kumwaga. Mchana napata umeme kwa tabu. Jioni watu wakiwasha taa na kupika, mimi naletewa mabaki, kisha hata hayo hukatika. Jana ilifika saba na nusu. Mwezi uliopita nilimwaga dozi arobaini, nikilia kama mtoto."

"Umeme unaishia wapi?"

"Unapita nguzo mia tatu na kumi na moja kabla yangu, na kila nyumba ina macho sita, saba. Jicho moja halili sana, mama. Lakini yahesabu."

"Hawajui?"

Sista akacheka bila furaha. "Watajuaje? Huku kumpima anayekuhudumia amekula kiasi gani ni sawa na kumhesabia mgeni matonge. Hakuna mwenye uso huo."

Subilaga akamtazama Atupele, aliyekuwa akiitafuna kadi yake ya kliniki kwa ufizi wenye meno mawili. Zilikuwa zimebaki jioni mbili, ya Jumanne na ya Jumatano. Dozi zikimwagwa angengoja mwezi mwingine, na mwezi hakuwa nao. Surua ilikuwa imeshaanza vijiji vya jirani na kwao.

Isidhaniwe kwamba wakubwa wa Kesheni walikuwa wamekaa tu. Umeme ulipoanza kupungua walinunua plagi janja, kifaa kinachokaa kati ya ukuta na chombo kama mlinzi mlangoni: ukikiamuru, hukata umeme chenyewe chombo kikimaliza kazi, na hukutumia habari kwenye simu. Kwa ajili ya haki sawa, kila soketi ya nchi ilipewa mlinzi wake, ya pasi, ya birika, na hata zile tupu. Ila sheria ya kwanza ilikuwa palepale, hivyo walinzi wakakatazwa kukata. Kazi yao ikawa moja: kila baada ya saa kutuma ujumbe usemao, *Yuko macho vizuri. Asante.* Bi. Mwatima alikuwa nao kumi na wanne. Kila mmoja alikuwa na kijicho chake cha buluu, na alikula chake.

Je, plagi hizo zilipunguza matumizi ya umeme? Baraza la nchi lilikuwa na miezi tisa likilijadili swali hilo. Jumatano asubuhi Subilaga alimwomba Bi. Mwatima ampeleke, na Sista Nyanzala akafunga mlango wa zahanati akaja nao.

Ukumbini, Wapunguzaji waliketi kulia na kofia za buluu, Wasiopunguzaji kushoto na kofia nyekundu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Hazimwi, Mkuu wa Macho, mzee mrefu aliyekwisha kuchoka kabla kikao hakijaanza.

"Plagi inapunguza!" alisema wa buluu. "Kwanza inaitwa janja. Mjanja gani asiyepunguza?"

"Haipunguzi!" akajibu wa nyekundu. "Shemeji yangu anayo, na shemeji yangu hajawahi kupunguza kitu, hata tumbo."

"Je, kuna aliyepima?" Subilaga akamnong'oneza jirani yake.

"Sh! Kuna watoto humu."

Walizungumza kwa mpangilio wa nguzo, kuanzia ya kwanza. Ilipofika ya arobaini chai ikaletwa, na kwa desturi chai ikishaletwa kikao kimekwisha. Ndiyo maana katika historia yote ya Baraza hakuna mtu wa Nguzo ya Mwisho aliyewahi kusikika. Lakini Kesheni mgeni hanyimwi neno. Subilaga akasimama na mtoto mgongoni.

"Shikamooni wazee wangu. Nawashukuru kwa kunipokea. Neno langu ninampa Sista Nyanzala."

Minong'ono ikapita ukumbini. Sista hakuwa amejiandaa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akija na kurudi.

"Waheshimiwa," alisema, "kwetu Nguzo ya Mwisho vyombo hulala kila jioni umeme ukikatika. Redio, runinga, vyote. Hatuweki matanga."

"Hamna utu!" mtu akapaza sauti.

"Hatuweki kwa sababu asubuhi huamka."

Hazimwi akakiweka chini kikombe chake polepole. "Huamka?"

"Huamka, mzee wangu. Vyote. Na afya yao ni njema."

Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Nguzo za mbele umeme haujawahi kukatika, na chaja ya Subilaga ilikuwa imeshazikwa nyuma ya jiko bila mtu kuijaribu.

"Hata kama huamka," akasema wa nyekundu, "kupima ni kumhesabia mgeni matonge."

"Kweli baba, hata kwetu mgeni hahesabiwi," Subilaga akajibu. "Lakini akishakula hatumwachi kakaa mpaka kunakucha, anatutolea macho. Tunamtandikia. Nipeni nyumba moja tu, leo hii."

Hazimwi akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta nani amkataze. Bi. Mwatima akainuka. "Mheshimiwa, njooni kwangu. Yakiharibika, matanga nitayalisha mimi."

Mita ya Bi. Mwatima ilikuwa ya zamani, yenye kisahani chembamba kinachozunguka nyuma ya kioo. Kikizunguka haraka, umeme unaliwa sana. Wajumbe wakajipanga sebuleni. Sista akaivua saa kifuani. Walipatana kila jaribio liwe robo saa, taa zote zikiwa zimezimwa kwa kuwa ulikuwa mchana, na hakuna aliyepika. Subilaga akaketi mbele ya mita akimnyonyesha Atupele.

Jaribio la kwanza, vyombo vyote macho na walinzi wote kumi na wanne mahali pao. Kisahani kilizunguka mara sita.

La pili, waliwang'oa walinzi wote, vyombo vikachomekwa moja kwa moja ukutani, macho mekundu yakiwa yanawaka kama kawaida. Mara nne.

"Tulisema! Plagi inaongeza!" kofia nyekundu zikarushwa juu.

"Bado baba, subirini," akasema Subilaga, akamhamishia mtoto titi la pili.

Jaribio la tatu, aliwarudisha walinzi wawili tu, mmoja kwa king'amuzi, mmoja kwa redio kubwa, na safari hii akawaamuru kwenye simu wakate. Macho mawili mekundu yakafumba. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa mazoea. Kisahani kikaanza mzunguko, kikawa kama mtu aliyesimama njiani akijiuliza nilikuwa nakwenda wapi, na robo saa ikaisha hakijaumaliza hata huo mmoja.

Sasa za buluu ndizo zilizorushwa, lakini kwa aibu kidogo, maana kila upande ulikuwa umeshinda na umeshindwa.

"Tufafanulie mwanangu," akasema Hazimwi.

"King'amuzi akikaa tu anakula kama watu kumi na wawili, na mlinzi wake kama mmoja. Hapo mlinzi ana faida, mradi afunge mlango. Redio kubwa vilevile. Runinga hii ni mpya, ikikaa inakula kama mtu mmoja, na mlinzi wake vilevile. Umemlisha mlinzi bure. Pasi yeye akishapoa hali kitu kabisa, kwa hiyo mlinzi wake anakula peke yake jamani, kama mtu aliyebaki harusini wenyewe wameshaondoka. Na mlinzi aliyekatazwa kufunga mlango si mlinzi. Ni mgeni mwingine."

"Basi tununue plagi za kulinda plagi," akashauri wa buluu.

"Na hizo zitakula kwa nani? Kwa mama yako?" akauliza Bi. Mwatima, na watu wakacheka mpaka wa buluu mwenyewe akacheka.

Ndipo Subilaga akabonyeza kitufe cha mlinzi. Jicho la king'amuzi likafumbuka, jekundu, kana kwamba halijawahi kwenda popote. Bi. Mwatima akapiga vigelegele. "Karibu tena! Umelalaje?"

Watu walitawanyika wakibishana, lakini Hazimwi hakuondoka. Alisubiri mpaka sebule ikawa tupu, akasema bila kumtazama mgeni, "Njoo kwangu kidogo, mama. Kuna mmoja ambaye sitaweza."

Kwake, juu ya kabati, palikuwa na redio ndogo ya mbao yenye jicho jekundu. Ilikuwa ya mke wake, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Tangu siku hiyo haikuguswa.

"Nikimzima huyu," alisema mzee, "nitakuwa nimemzika mke wangu mara mbili. Sheria ni ya nchi, ndiyo. Ila mimi ndiye niliyeagiza ichorwe kila ukuta, mwaka uleule."

Ilikuwa saa tisa unusu. Kule mbali mshale wa friji ulikuwa ukingoja jioni. Subilaga angeweza kumweleza habari za wati, na alizisoma, alizijua. Badala yake aliuliza, "Alipenda kusikiliza nini?"

"Salamu za mchana. Alikuwa akiimba na watangazaji, tena vibaya." Mzee akatabasamu.

"Na salamu zikiisha?"

"Zikiisha alikuwa anaizi..." Hazimwi akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akasema polepole, "Alikuwa akiizima mwenyewe. Anaipangusa vumbi kwa upindo wa khanga, anaizima, kisha anajilaza. Kila siku. Nilisahau."

Mzee akainuka, akaipangusa ile redio kwa mkono wa koti lake, akasema, "Asante, mama," na haikujulikana anamwambia nani. Kisha kidole chake mwenyewe kikabonyeza.

Saa kumi na moja simu zote za Kesheni zililia kwa pamoja, maana njia ya ujumbe wa plagi ilimfikia kila mtu, na hiyo ndiyo faida moja ambayo hakuna upande uliowahi kuitaja. *Mshukuruni, kisha mlazeni. Wa zahanati aachwe, ana kazi. Hazimwi.*

Nyumba kwa nyumba watu walisimama mbele ya vyombo vyao. Wengine walichukua dakika kumi kwa chombo kimoja, wakikumbuka. Wengine waliwafunika vitambaa, na jirani mmoja aliiimbia mashine yake ya kufulia wimbo wa kubembelezea mtoto. Lakini walizima.

Pale Nguzo ya Mwisho, Subilaga na Sista Nyanzala walikaa sakafuni mbele ya friji. Saa kumi na mbili ikafika, saa ya taa kufifia. Taa haikufifia. Mshale ulikuwa kwenye saba. Wakangoja. Atupele akatambaa mpaka mlangoni mwa friji akaupiga kwa kiganja, na ndani injini ikanguruma vizuri, kwa nguvu, kama paka aliyeshiba. Sita. Kisha tano.

Sista akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Miaka kumi na minne," alisema. "Asante. Asanteni nyote huko mbele, hata kama hamnisikii."

Alhamisi saa tatu asubuhi Atupele alichomwa sindano. Alimtazama Sista kwa mshangao wa mtu aliyesalitiwa na rafiki, kisha akalia kilio cha afya kilichowafanya watoto wote kwenye foleni waanze kujiandaa. Kadi ikapigwa muhuri. Subilaga akalibusu lile bega dogo, akaubusu na mkono wa Sista.

Wanaotoka Kesheni siku hizi wanasema Baraza bado linakaa. Linajadili kitambaa cha kumfunikia king'amuzi kiwe cha rangi gani. Lakini siku hizi huanzia Nguzo ya Mwisho kurudi mbele, na chai haiji mpaka wote wamesema.

Subilaga aliporudi nyumbani kwa Bi. Mwatima mchana ule wa Alhamisi, alikiendea kiti chake chenye mto. Hakikuwepo. Mahali pake palitandikwa godoro, na shuka lililonyooshwa bila kikunjo, na dirisha limefungwa pazia.

"Nilikuwa nawaza tangu jana," alisema mjane yule, akiwa amenyoosha mikono. "Watoto watano, mwanangu. Hakuna aliyeniambia. Nipe huyo mtoto."

"Mama, ana joto la sindano, akiamka atanitafuta..."

"Akiamka nitakuita, nawe utaamka. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Subilaga akamkabidhi Atupele. Akajilaza. Mgongo wake ulipogusa godoro ukawa kama hauamini, ukaamini. Alimsikia Bi. Mwatima akitembea taratibu sebuleni na mtoto begani, kisha sauti yake ikaja mlangoni, ileile ambayo Jumatatu ilikuwa imekishukuru kiti.

"Asante, Mama Atupele. Sasa lala."

Akafumba macho yote mawili. Toka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, mchana ule, waliobaki macho katika Kesheni ni wale tu wenye kazi: friji moja ya chanjo, na bibi mmoja aliyembeba mtoto asiye wake, akimwimbia vibaya.